Nywele za Mara ya Pili

Nevzat alikuwa na duka la mikate katika mtaa mmoja wa zamani wa Istanbul. Alioka mikate ya duara iliyopakwa ufuta, na watu waliipenda. Ikifika saa tatu asubuhi foleni huwa imekwisha. Hapo Nevzat hutoka nje, hukaa kwenye kigoda mlangoni, na kunywa chai yake ya kwanza. Hapo pia ndipo watu walipomtania. Kinyozi wa jirani alikuwa akimwambia kwamba wamejuana miaka kumi, lakini hajawahi kumkalisha kwenye kiti chake hata siku moja. Nevzat alikuwa akicheka. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na kipara chake kilianza akiwa na ishirini na saba.

Utani wa kinyozi haukumuuma. Kilichomuuma kilitokea shuleni. Siku moja alikwenda kumchukua binti yake, Defne, mwenye miaka minane. Mwalimu mgeni alimtazama, kisha akamwambia Defne kwa upole: "Twende, babu yako amefika." Defne alicheka njia nzima. Nevzat naye alicheka. Lakini alipofika nyumbani alijifungia bafuni, akasimama mbele ya kioo, mpaka mkewe Handan akagonga mlango kuuliza kama ni mzima.

Katika mji wao, kuona mwanaume mwenye bendeji kichwani lilikuwa jambo la kila siku. Walikuja kwa ndege kutoka nchi za mbali kupandikizwa nywele. Walipita mbele ya duka wawili wawili, vipaji vya nyuso vimevimba, wakanunua mkate na kuula wakitembea polepole. Nevzat aliwatazama, akajiuliza yeye aliye hapa hapa anangoja nini.

Mwezi wa tatu alikuja mtu mmoja dukani. Alikuwa dalali wa kutafuta wateja. Alimwambia Nevzat kwamba anajua mahali pazuri, bei ni ndogo kuliko kote, kazi ni ya siku moja, na siku ya tatu mtu anarudi kazini. Nevzat alimuuliza kama kuna daktari. Dalali alicheka, akasema madaktari wamejaa tele.

Nevzat hakumwambia Handan. Alimuaga kwamba anakwenda kutafuta kipuri cha tanuri.

Mahali penyewe palikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu. Mlangoni hapakuwa na kibao. Hakuna aliyempima damu. Hakuna aliyemuuliza kama ana kisukari, au shinikizo la damu, au kama anatumia dawa yoyote. Mwanaume mmoja aliyevaa koti jeupe alimchora mstari kwenye paji la uso kwa kalamu, akatoka, na Nevzat hakumwona tena. Kazi yote ilifanywa na vijana watatu. Walimchoma sindano za ganzi, wakamlaza kifudifudi, wakaanza kung'oa nywele za kisogoni moja moja na mizizi yake. Kisha wakamgeuza, wakazipanda mbele. Walizungumza habari za mpira muda wote. Alipouliza wamefikia wapi, mmoja alimjibu: "Tulia, kaka, tunakupa za kutosha. Hapa hatubanii mtu."

Alitoka jioni na kofia laini, chupa ya dawa ya kupuliza, na karatasi yenye mistari minne ya maelezo.

Handan alipomwona mlangoni alikaa kwenye kiti. Baadaye alisema jambo moja tu: "Ningekwenda na wewe. Hukunipa hata nafasi ya kukukataza."

Siku ya tatu Nevzat alirudi kwenye tanuri, kama dalali alivyomwambia. Tanuri la mikate lina joto kali, na unga huelea hewani kama ukungu. Jasho lilimtiririka chini ya kofia. Kichwa kilimuwasha mno, naye akajikuna kwa kidole kimoja, kisha kwa viwili. Baada ya juma moja vigaga vilikuwa bado vimeng'ang'ania, vimelowa, na chini yake palikuwa na maji ya njano. Aliwapigia simu watu wa ghorofa ya tatu. Walimwambia ni kawaida.

Ni katika siku hizo ambapo dada yake alipiga simu.

Dada yake, Nurcihan, aliishi Kütahya, mji waliozaliwa, mwendo wa nusu siku kwa basi. Yeye na mumewe Ferit ndio waliokaa na mama yao. Nurcihan alisema mama ana matatizo ya moyo, hali si ya kutisha, lakini amekonda na anamuuliza Nevzat kila siku. Angekuja lini?

Nevzat alishika kichwa chake. Aliona jinsi mtaa mzima wa Kütahya ungemcheka: mwoka mikate, baba wa mtoto, amekwenda kununua nywele. Aliona wajomba zake wakimvua kofia. Akajibu kwamba kazi ni nyingi, sikukuu inakaribia, angekuja juma lijalo.

Juma lililofuata alisema hivyo hivyo.

Kisha mama mwenyewe akapiga. Alitaka kumwona mwanawe kwenye simu. Nurcihan alikuwa amemfundisha jinsi ya kubonyeza ili sura ionekane, na alijivunia ujuzi huo. Nevzat alipokea sauti peke yake. Alisema kamera ya simu yake imeharibika.

"Basi haidhuru," mama alisema. "Sauti yako inanitosha. Umekula?"

Alisema amekula. Mama akamuuliza habari za Defne, habari za tanuri, akamuombea dua, akakata simu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao ya mwisho.

Siku ya ishirini baada ya upasuaji, Nevzat aliamka anatetemeka. Uso ulikuwa moto. Harufu mbaya ilitoka kichwani, naye mwenyewe aliisikia. Handan alipanda ghorofa ya juu, akamwita Mualla.

Mualla alikuwa nesi mstaafu. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika wodi ya magonjwa ya ngozi, na katika jengo lao hakuna aliyejikata kidole bila kupanda kwake kwanza. Alimvua Nevzat kofia taratibu. Alitazama usaha. Alitazama sehemu moja ya mbele, ukubwa wa kifuniko cha chupa, ambapo ngozi ilikuwa nyeusi.

"Imeanza lini?" aliuliza.

"Kama siku kumi."

"Siku kumi, Nevzat. Mimi naishi ngazi kumi na nne juu yako."

Aliita teksi, wakaenda hospitali ya umma. Daktari wa zamu alisema vijidudu vimeingia kwenye ngozi na vilikuwa njiani kuingia kwenye damu. Kile cheusi kilikuwa ngozi iliyokufa. Nevzat alilazwa, akawekewa dripu ya dawa, na kichwa kikasafishwa mara mbili kwa siku.

Siku ya pili ya kulazwa kwake, mama alifariki.

Nurcihan alipiga simu alfajiri, na mazishi yalikuwa adhuhuri, kama desturi ilivyo. Nevzat alitaka kung'oa sindano ya dripu atoke. Daktari alimkatalia kabisa. Homa ilikuwa bado juu. Aliruhusiwa siku mbili baadaye, na alipofika Kütahya udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka.

Alifika na bendeji kichwani. Watu walipomuuliza, mdomo wake ulisema maneno ambayo hakuyapanga. Alisema tanuri lililipuka. Alisema aliungua kichwa, ndiyo sababu hakuja mapema, na hakutaka kumtia mama wasiwasi.

Wajomba walimkumbatia. Wanawake walilia upya. Imamu aliongeza dua ya kumshukuru Mungu kwa kumwokoa na moto. Nurcihan, aliyekuwa hajalala siku tatu, alimpikia supu ya mtindi na kumshikia bakuli, kwa huruma ya kaka yake aliyeungua. Handan alikaa pembeni, macho chini. Hakuitoboa siri ya mumewe. Lakini ndani ya basi, wakirudi, hakumsemesha mpaka walipouona mji.

Mwaka ukapita.

Nywele zilizopandwa ziliota kidogo. Ziliota kwa mafungu, kama za mwanasesere, katika mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, chini mno kwenye paji la uso. Pale palipokufa ngozi palibaki kovu linalong'aa. Lakini kibaya zaidi kilikuwa nyuma. Kisogo kilichokuwa kimejaa nywele sasa kilikuwa na viraka viraka, kama zulia lililoliwa na nondo. Kinyozi wa jirani aliacha kumtania. Hilo lilimuuma Nevzat kuliko utani.

Alivaa kofia dukani, nyumbani na msikitini. Siku nyingine alipokuwa akikanda unga alisimama ghafla, mikono imezama ndani ya beseni, akikumbuka sauti ile: umekula? Alitamani kurudi kwenye simu ile kwa dakika moja. Angewasha kamera. Mama angecheka mpaka achoke, halafu basi.

Siku moja ya masika Mualla alikuja kuchukua mikate yake miwili, akakuta duka halina wateja. Alivuta kigoda akakaa.

"Nasikia unatafuta mtu wa kukurekebisha," alisema.

Handan ndiye aliyemwambia. Nevzat alikiri. Alisema dalali mwingine amempa namba ya simu, na kwamba watu hao wanaweza kumtengeneza juma lijalo.

Mualla alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyeficha dawa chini ya mto. Kisha akamweleza polepole, bila kumkaripia. Upara wa kurithi si ugonjwa wenye kuua. Hakuna haraka. Asiyetaka kufanya lolote ana haki ya kukaa na kichwa chake na kuishi vizuri. Anayetaka kupandikizwa aende mahali penye leseni, aulize jina la daktari, ahakikishe cheti chake, na aambiwe waziwazi nani atakayeshika kisu. Palipo na dalali asiyejibu maswali, pasipo na kipimo cha damu, mtu ageuze miguu aondoke.

"Na hawa wa juma lijalo," alimalizia, "wamekitazama kisogo chako?"

"Bado."

"Basi wamekupa miadi bila kujua kama una kitu cha kupanda."

Mualla alimpeleka kwa Daktari Aydan, mwanamke aliyewahi kufanya naye kazi, katika hospitali yenye leseni. Handan alikwenda nao. Safari hii Nevzat mwenyewe ndiye aliyemwomba.

Daktari Aydan alimuuliza maswali nusu saa nzima kabla ya kugusa kichwa. Alimuuliza magonjwa yake, dawa zake, sigara, kazi anayofanya, na wazee wa kwao waliokuwa na kipara. Kisha akachukua kifaa chenye kioo cha kukuza, akahesabu nywele za kisogoni, kipande kwa kipande.

"Nitakuambia ukweli wote," alisema. "Kupandikiza ni kuhamisha. Si kuongeza. Mzizi ukitolewa nyuma, pale ulipotoka hapaoti tena. Waliokufanyia mara ya kwanza walichukua mingi kupita kiasi, na mingi waliiua. Uliobaki ni mchache. Hatuna mara ya tatu."

Nevzat aliuliza kama anaweza kurudishiwa nywele za ujana wake.

"Hapana. Ninaweza kuulainisha huo mstari wa mbele ufanane na wa mtu. Ninaweza kujaribu kulifunika kovu, ingawa kwenye kovu damu ni kidogo na baadhi ya mizizi haitashika. Nitachukua mingine kidevuni, kwenye ndevu, nipunguze na viraka vya kisogoni. Utabaki mtu mwenye nywele chache, ila hutaonekana mtu aliyeharibiwa. Na unaweza pia kukataa. Ukinyoa zote, makovu yataonekana kidogo, lakini hakuna atakayekushangaa baada ya siku mbili."

Alisema pia kwamba hangemfanyia chochote kama mwaka ungekuwa haujapita tangu mara ya kwanza. Ngozi lazima ipone na kulainika kabla ya kuguswa tena. Kisha akamrudisha nyumbani akafikiri kwa majuma mawili.

Nevzat alifikiri. Alizungumza na Handan jikoni, siku baada ya siku. Handan alimuuliza anataka nywele hizo kwa ajili ya nani. Nevzat akasema hataki nywele tena. Anataka tu kuvua kofia. Handan akasema hiyo ni sababu anayoielewa.

Safari hii alipimwa damu. Aliacha sigara mwezi mzima kabla. Alikuwa akimeza aspirini mara kwa mara kwa ajili ya mgongo, na daktari, baada ya kumuuliza kwa nini anaimeza, alimwambia aiache siku kadhaa kabla ya upasuaji kwa sababu inazidisha kutoka damu. Alimwonya asiwashauri wengine waache, kwani mwenye ugonjwa wa moyo akiacha aspirini bila daktari wake anaweza kufa. Nevzat alimkabidhi binamu yake funguo za duka kwa majuma matatu. Siku ya upasuaji Daktari Aydan mwenyewe alichora mstari, mwenyewe akatoboa vishimo, na alikuwepo mpaka mwisho.

Kisha ukaja wakati wa kupona, na huo ndio uliokuwa mgumu.

Usiku wa kwanza mpaka wa saba alilala nusu ameketi, ameegemea mito mitatu, ili kichwa kisivimbe sana na kisigusane na kitu. Siku ya tatu uvimbe ulishuka mpaka machoni. Defne alimtazama, akasema anafanana na chura mwenye usingizi. Mualla aliwaambia wasiogope, uvimbe wa namna ile hushuka wenyewe. Cha kuogopa ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, homa, usaha, harufu, au ngozi inayobadilika kuwa nyeusi. Kimoja tu kikitokea, ni hospitali siku hiyo hiyo. "Siku hiyo hiyo," alirudia, akimnyooshea Nevzat kidole. "Siyo siku kumi."

Kichwa kilioshwa kwa mara ya kwanza hospitalini, na nesi akamwonyesha Handan namna ya kufanya: povu linawekwa kwa kiganja, bila kusugua, na maji yanamwagwa kwa kikombe. Kikiwasha, Nevzat alikaza ngumi na kuzikalia. Hakuinama kufunga viatu, Defne alimfungia. Hakukaa juani. Hakwenda kwenye bafu la mvuke. Hakukaribia tanuri. Siku ya kumi vigaga vililainika, vikatoka vyenyewe kwenye maji, na chini yake ngozi ilikuwa ya waridi na safi.

Alikuwa na muda mwingi wa kukaa kimya. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, shingo wima, akasikiliza watu barabarani. Na hapo, siku moja mchana, jambo moja likamjia na kumkaa kifuani. Majuma matatu. Kumbe duka lingeweza kukaa majuma matatu bila yeye. Binamu yake alioka, watu walinunua, dunia haikusimama. Kwa ajili ya kichwa alipata siku ishirini na moja. Kwa ajili ya mama yake alikosa moja.

Handan alimkuta analia. Alimletea kitambaa, akamkumbusha asiiname.

"Nurcihan anadhani niliungua," Nevzat alisema.

"Najua anachodhani."

"Nimwambieje?"

"Mimi nimelinyamazia hilo tangu siku ya mazishi," Handan alisema. "Sitakuchagulia maneno. Lakini sitanyamaza kwa niaba yako tena."

Juma la tano nywele mpya zilianza kuanguka. Alizikuta kwenye mto, kwenye taulo, kwenye sinki. Alipanda ngazi kumi na nne kwa mbio, akamwonyesha Mualla. Mualla alivaa miwani, akazitazama, akamkalisha chini. Alimwambia nywele zilizopandwa huanguka karibu zote katika miezi miwili ya kwanza. Unywele unaondoka, mzizi unabaki umelala. Mwezi wa tatu au wa nne zitaanza kutoka, nyembamba kama za mtoto mchanga, na matokeo yenyewe asiyahukumu kabla ya mwaka. Wengi hawaambiwi hivyo, akasema, nao hukimbilia kwa matapeli wengine kwa hofu tu.

Ikawa kama alivyosema. Mwezi wa nne zilichomoza. Mwezi wa nane mstari wa mbele ulikuwa umelainika. Kovu lilifunikwa nusu. Kisogo kilibaki na viraka, ila vilivyopungua. Hakuwa kijana. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na mbili mwenye nywele chache. Asubuhi moja alikwenda dukani kichwa wazi, akakaa kwenye kigoda na chai yake. Kinyozi alipita, akasimama, akamwambia kwamba sasa hana kisingizio, aje akae kwenye kiti.

Aprili iliyofuata ilitimia miaka miwili tangu mama afariki. Nurcihan aliandaa kisomo cha kumuombea, na Nevzat akaenda Kütahya na Handan na Defne. Imamu alisoma, watu wakala, wakagawiwa halua ya semolina, wakatawanyika. Jioni walibaki wenyewe sebuleni.

Ferit, mume wa Nurcihan, alikuwa mtu mcheshi, fundi wa vigae. Kwa miezi kadhaa nywele zake zilikuwa zikinyonyoka. Alikuwa akimtazama Nevzat mchana kutwa, na sasa akasogea karibu.

"Shemeji, moto umekupenda," alisema. "Umeungua, umetoka na nywele nyingi kuliko ulivyoingia. Sema siri yako." Kisha, bila kungoja jibu, akatoa simu na kuonyesha ujumbe. Alikuwa ameshapata mahali pake, huko huko Istanbul, Jumatatu ijayo. Dalali amemwahidi kwamba siku ya tatu atarudi kazini. Nurcihan alikuwa ameshamkubalia.

Nevzat alitazama picha ya jengo. Hakulijua, lakini maneno ya ujumbe aliyajua yote. Handan alimtazama mara moja, kisha akamtuma Defne jikoni kuleta maji.

"Nurcihan," Nevzat alisema. "Tanuri halikulipuka."

Dada yake aligeuka.

Alimweleza yote. Hakuruka kitu. Alieleza ghorofa ya tatu, vijana watatu, jasho, usaha. Alieleza kwamba kazi haikuwa nyingi. Alieleza kwamba aliona aibu ya kipara, kisha akaona aibu ya kukitibu, na katikati ya aibu hizo mbili mama akamsubiri. Alisema kamera ya simu haikuwahi kuharibika.

Ferit aliiweka simu yake mezani, kioo chini.

Nurcihan alikuwa ameshika sinia la vikombe. Alilishusha taratibu.

"Siku moja kabla hajafa," alisema, "aliniambia nikununulie simu mpya, nikutumie kwa basi. Alisema, maskini, anafanya kazi mchana kutwa, hana muda wa kutengeneza hiyo yake."

"Nilikulisha supu kwa mkono wangu," Nurcihan alisema. Akaingia jikoni, akafunga mlango, na hakutoka mpaka wageni walipokwenda kulala.

Asubuhi hakumsemesha kaka yake. Aliwafungia chakula cha safari, akambusu Handan na Defne. Kwa miezi miwili iliyofuata hakupokea simu za Nevzat. Nevzat alipiga kila Ijumaa. Hakulalamika. Alijua anastahili.

Lakini Ferit hakwenda Jumatatu ile. Nurcihan alimfutia miadi mwenyewe, na wakati wa kiangazi wakaja Istanbul kumwona Daktari Aydan, Mualla akiwa ndiye aliyewaombea nafasi. Daktari alimuuliza Ferit maswali yale yale ya nusu saa. Alimuuliza kwa nini anahisi baridi wakati wa joto, kwa nini amenenepa, kwa nini anachoka. Akampima damu. Ilionekana kwamba tezi yake ya shingo ilikuwa imelegea kazi, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiangusha nywele. Hakuhitaji kisu. Alihitaji kidonge kimoja kila asubuhi. Daktari alisema kama angepandikizwa, zingeanguka na zilizopandwa pia, na ugonjwa wenyewe ungeendelea kumla kimyakimya.

Siku hiyo walikula chakula cha mchana nyumbani kwa Nevzat. Mualla naye alishuka na sahani ya biringanya. Ferit alijaza ukumbi kwa mizaha yake, akisema amesafiri nusu ya nchi ili aambiwe ameze kidonge. Baada ya chakula Nevzat alikwenda jikoni kuosha vyombo, na Nurcihan akamfuata. Alichukua kitambaa, akasimama kando yake, akawa anakausha.

Walimaliza sahani zote.

"Hasira bado ninayo," Nurcihan alisema mwishoni.

"Najua."

"Sijui itakwisha lini. Usiniulize."

"Sitakuuliza."

Nurcihan alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya sinki.

"Lakini ungenyamaza, Ferit angelala kwenye kile kitanda," alisema. "Kwa hilo asante." Kisha akamwambia waende sebuleni, chai inapoa.